Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Kila akitoka shule, Zamzam alipitia dukani kwa wazazi wake, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, akakunja kanga ambazo wateja walizifunua na kuziacha. Ile kazi haikuwa na mwisho, lakini hakuichoka, maana Bibi Chiku alikuwa pale pale kwenye kigoda chake, miguu kainyoosha juu ya robota, akimchokoza.

"Mke mwenzangu, unakunja kanga au unafunga sambusa?"

Walitaniana hivyo tangu Zamzam anajifunza kuongea. Babu alifariki kabla mjukuu hajazaliwa, ila Bibi alishikilia kwamba wao ni wake wenza, na kwamba mdogo ndiye anayedekezwa.

Bibi alikuwa na presha na magoti mabovu. Siku za kliniki alipanda bajaji, akirudi analalamika kwamba mifupa yote imehama. Ndiyo maana baba yake Zamzam, mzee Anuari, aliamua kununua gari. Safari ya kwenda yadi, kule Buguruni, walienda wote.

Magari ya kuwafaa yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa jeupe, dogo, halina mbwembwe. Mama yake Zamzam, Sophia, alifungua milango yake yote, akavuta mikanda ya mbele na ya nyuma, akakagua matairi, akauliza kama lina mifuko ya hewa ya kukinga watu likigonga. Muuzaji akamwambia lina kila kitu, tena mafuta linanusa tu.

La pili lilikuwa jeusi. Lilikuwa na skrini kubwa ya kuonyesha video, taa za rangi chini ya viti, spika za kutikisa kifua na kava nene nyekundu. Mama aliinama nyuma akauliza mikanda iko wapi. Muuzaji akacheka, akasema imefunikwa na kava, kwani trafiki wanaangalia ya mbele tu.

Lakini Zamzam alikuwa ameshamtambia rafiki yake Brightness kwamba gari lao litakuwa na TV. Akaung'ang'ania mkono wa Baba, akabembeleza mpaka sauti ikakauka. Na Baba naye, kusema kweli, macho yalikuwa yameshanasa kwenye ile skrini. Kwa kuwa nyumba ile hainunui kitu kikubwa bila neno la Bibi, wakamuuliza.

Bibi akamtazama mjukuu wake usoni. "Chukueni lenye televisheni. Nikimnyima mke mwenzangu, kesho atanipikia uji bila sukari."

Wakachukua jeusi. Kumbe lilikuwa linabugia mafuta kama limetoka jangwani. Likawa linashinda limeegeshwa nje ya nyumba, watoto wa mtaani wakicheza mbele ya taa zake, na Bibi akaendelea kwenda kliniki kwa bajaji. Mama alikumbusha kava zikatwe ili mikanda ya nyuma itoke. Baba akasema Jumamosi. Jumamosi ikapita, na nyingine ikapita.

Likizo ilipofika, asubuhi moja Baba alijaza mafuta wampeleke Bibi kliniki. Zamzam alikaa mbele, kajifunga mkanda. Bibi alikaa nyuma, kajitanda kanga yake ya maua ya mikorosho, akaomba apigiwe taarabu. Zamzam alitafuta kwenye skrini, haikufunguka. Baba akanyoosha kidole amsaidie.

Mkokoteni wa magunia ukakatiza barabara. Baba akakanyaga breki, wakaugonga. Hawakuwa hata na mwendo mkali. Baba na Zamzam mikanda iliwashika. Bibi alirushwa mbele, akajigonga kichwa katikati ya viti. Na ndipo ile taarabu ikafunguka, ikaimba kwa sauti yote, na Baba akabonyeza kila kitu, isinyamaze.

Bibi alikaa hospitali siku chache tu. Ijumaa akazikwa.

Baada ya hapo Zamzam alirudi kukunja kanga. Akikunja vibaya, hakuna aliyemwambia. Kigoda kilibaki pale pale. Mteja mmoja alitaka kukikalia, Mama akamletea kiti kingine.

Arobaini ilipopita, Baba akaliuza lile gari jeusi. Akamwambia Zamzam avae viatu, wanaenda kutafuta jingine, la kawaida. Zamzam, aliyekaa sakafuni dukani, akakataa kuinuka.

"Mimi nisichague, Baba. Nilichagua Bibi akafa."

Baba akakaa sakafuni karibu naye, juu ya vipande vya karatasi na nyuzi.

"Nisikilize, mwanangu. Wewe ni mtoto, uliomba. Watoto wanaomba, ndiyo kazi yao. Mtu mzima ndiye anayetakiwa kusema hapana, na mimi sikusema, kwa sababu na mimi niliitaka ile TV. Mama yako aliuliza mikanda iko wapi, nikajifanya sikusikia. Gari ni la kukufikisha salama, tena kwa mafuta unayoyaweza. Hayo mengine ni mapambo, na mapambo hayamshiki mtu likigonga. Hilo nimelijua baada ya kumzika mama yangu. Wewe lijue leo, ungali mdogo."

Akalia. Zamzam hakuwahi kumwona Baba akilia, hata makaburini. Akamshika bega, kisha akaenda kutafuta viatu.

Yadini walipata gari dogo la kijivu, linalokula mafuta kidogo, lenye redio ya kawaida. Mama alikagua breki na mifuko ya hewa. Zamzam aliingia nyuma mwenyewe, akavuta mikanda mmoja mmoja, akaifunga na kuifungua.

Wakati wa kuondoka Mama alipanda nyuma pamoja naye, mawazo yako mbali, na Baba akawasha gari. Zamzam akamgusa Baba begani, akamwambia asubiri. Akauvuta mkanda wa Mama, akaubana mpaka ukalia.

"Mke mwenzangu asingekubali," akasema.

Mama akageukia dirishani kufuta machozi, na Baba akaondoa gari polepole.