Gari la Viti Viwili

Gari lilikuwa limeshinda uani chini ya banda, milango imefungwa, wala hakuna aliyeligusa. Lakini Thuraya alipofungua mlango alasiri ile ili aingie, kiti cha kushoto kilikuwa na joto, joto lile la kiti ambacho mtu amekikalia kutwa na ameinuka sasa hivi tu.

“Muhsin,” akasema, “nani kakaa hapa?”

“Jua,” mumewe akajibu bila kumtazama. Alikuwa anafuta taa za mbele kwa ncha ya kikoi. “Ingia, tunachelewa.”

Chini ya banda lile jua halifiki. Thuraya akaingia hivyo hivyo, maana Muhsin bin Masoud hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Alikuwa na duka la vitambaa Temeke, alikuwa na sura nzuri, na balaa lake ni kwamba mambo yote mawili aliyajua. Miaka ile Mwingereza bado anatawala, na mtu wa Temeke mwenye baiskeli mpya alisalimiwa kwa heshima. Sasa mfikirie mwenye gari la mbio.

Gari lenyewe lilitoka Keko, kwenye gereji ya fundi Fransis. Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge alikuwa anarudi kwao, akamwachia Fransis magari yake mawili ayauze. Yote yalikuwa madogo, ya viti viwili, yamelala chini na pua ndefu. Moja lilikuwa jekundu, paa lake turubai la kukunja. La pili lilikuwa jeusi, paa lake la bati, limefunikwa juu mpaka nyuma, na vioo vyake vidogo.

“Bwana Muhsin, jekundu ndilo gari,” Fransis alimwambia. “Unakunja turubai, unapigwa upepo mpaka Mbagala.”

“Na mke wangu atazamwe na kila mpita njia? Mie nina haya zangu, fundi.”

Thuraya alikuwepo siku ile, amesimama pembeni na buibui lake. Alimvuta mumewe kando akamsihi kwa sauti ya chini: “Chukua la turubai. Nakuomba. Nitajifunika mpaka macho ukitaka, lakini chukua la turubai. Unajua kwa nini.”

Muhsin alijua. Tangu Thuraya anavunja ungo alipendwa na ruhani, jini wa Kiarabu, msafi, apendaye udi na mahali palipofungwa. Mganga aliyemtuliza alimpa mama yake, Bi Jokha, sharti moja tu: mtoto huyu asikae kamwe kwenye chumba kilichofungwa kikafukizwa udi, kwa kuwa ruhani atakihesabu kuwa ni chumba cha harusi yake. Bi Jokha hakuficha. Siku ya posa alimweleza Muhsin mbele ya wazee, naye akakubali. Na nyumbani kweli alilishika sharti lile. Udi ukichomwa, madirisha yote yalikuwa wazi.

“Lakini gari si chumba,” alisema Muhsin siku ile pale Keko, akacheka, akachukua jeusi.

Akalipeleka kwa mshona mapazia likatiwa kitambaa kizito kwenye kioo cha upande wa mkewe. Kisha kwa kuwa viti vilinuka mbwa wa yule Mzungu, akatia makaa kwenye chetezo, akaweka udi wa bei kali, akakitua chetezo ndani, akafunga milango na vioo ili moshi ushike vizuri, kama wanawake wanavyofukiza nguo za sikukuu. Hata bismillahi hakuisema. Alikuwa anapiga mluzi, mjinga yule.

Kuanzia hapo Thuraya akawa anapungua. Kila akirudi matembezini alikuwa na jambo jipya. Mara nywele alizozifunga mwenyewe zimesukwa upya, vizuri, kwa mkono asioujua. Mara viganja vina hina mbichi. Mara mkononi ana alama za vidole, vinne upande mmoja na kimoja upande wa pili, virefu kupita vya binadamu. Chakula kikawa hakipiti. Ndani ya gari udi ulikuwa haupungui, ila ukivuta pumzi sana ulisikia chini yake harufu ya nywele zilizoungua.

“Nipeleke kwa mama,” alimwomba mumewe. “Nipeleke kwa miguu.”

“Kwa miguu! Watu waseme gari la Muhsin limeharibika?”

Jumapili moja, jua la saa tisa likiwaka, walikuwa Barabara ya Kilwa. Muhsin alikuwa amevaa miwani myeusi. Thuraya alikuwa amejibana mlangoni, na ingawa kati ya viti vile viwili hapakuwa na nafasi hata ya kulaza mwamvuli, alikuwa amekunja magoti kama mtu aliyebanwa na abiria.

“Muhsin,” alinong’ona, “mwambie asogee.”

“Nani?”

“Aliye katikati.”

Muhsin akataka kucheka, lakini alipopeleka mkono kwenye gia mkono wake ukatua juu ya goti, goti kavu, lenye joto, lililofunikwa kitambaa laini asichokiona, na alipouondoa kwa kushtuka akasikia pumzi ya mtu sikioni mwake, taratibu, na vioo vyote vikaanza kufanya ukungu kwa ndani katika jua lile kali, na mdomo wa mkewe ukafunguka ikatoka sauti ya mwanamume mtu mzima, sauti nzuri, ya upole, yenye lafudhi ya Uarabuni.

“Dereva,” ikasema, “tazama barabara.”

Akatazama barabara. Aliendesha bila kugeuza shingo mpaka Temeke, na ajabu ni kwamba kilichomuuma zaidi ilikuwa kuitwa dereva.

Kesho yake Bi Jokha alikuja kutoka Kinondoni na mganga wa Msasani, Mwalimu Mfaume. Walimkuta Thuraya ndani ya gari, ameshikilia kiti, hataki kushuka, amekonda hata bangili zimempanda kiwikoni. Mwalimu Mfaume alilizunguka gari akisoma, kisha akasimama mbele ya Muhsin.

“Umempa chumba,” alisema. “Kutoka hatoki kwa kusomewa. Paa likatwe leo hii, jua liingie, upepo upite. Huyu hakai mahali pa wazi. Jua likitua na paa bado lipo, mke huna.”

Fransis akaitwa, akaja na msumeno wa chuma. Alipouweka tu juu ya bati, ndani ya gari kikatoka kilio, Thuraya na mwingine wakilia pamoja, na rangi nyeusi ya paa ikaanza kufura malengelenge.

“Kata, fundi!” Bi Jokha alisema. “Mwanangu anakufa, kata!”

Meno ya msumeno yakakwaruza. Muhsin akaliona bati lake linachubuka, akaona na majirani waliojazana ukutani, akawaza watakavyomcheka akipita na gari lililonyolewa. Akaudaka mkono wa Fransis.

“Ngoja kwanza. Mwalimu, hakuna njia nyingine?”

Mwalimu Mfaume alimgeukia. “Ipo. Jini huyu kaingia kwa mlango wa ndoa yako. Ukimwacha mke, hana haki ya kukaa kwenye mali yako, na jini hana cha kumshikia. Lakini atabaki na chumba kitupu, na mie sijui atamtaka nani.”

“Mie mwanamume,” Muhsin alisema. “Atanitakia nini?”

“Muhsin, mwanangu,” Bi Jokha alimwambia, na machozi yalikuwa yanamtoka, “ni bati tu.”

Muhsin akamgeuzia mgongo. Aliinama kwenye kioo, akasema waziwazi ili wote wasikie: “Thuraya binti Said, nimekuacha. Talaka tatu.”

Mlango ukafunguka wenyewe. Thuraya akaangukia mchangani, akatapika udi, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Mama yake alimbeba mgongoni kama mtoto. Muhsin hakuwatazama wakienda. Alikuwa anapapasa mchubuko wa paa.

Kisha akazunguka upande wa kulia, akafungua mlango wa dereva, akaingia. Fransis alimwona kwa macho yake anaingia upande wa usukani. Mlango ukafungwa. Na kabla fundi hajakunja vifaa vyake alimwona Muhsin yuko kiti cha kushoto, kiganja amekibandika kiooni, mdomo wazi, kwenye usukani hakuna mtu, na gari likiwaka lenyewe na kuondoka pole pole, na pazia lile zito likivutwa kutoka ndani.

Wakamtafuta. Gari lilionekana Magomeni, likaonekana Msasani, mchana kweupe, limeoshwa, linang’aa, wala halikusimama kwa mtu.

Lilisimama mara moja tu, Kinondoni, mbele ya nyumba ya Bi Jokha. Thuraya alikuwa barazani anachambua mchele, mashavu yamemrudia. Kioo cha kushoto kilishuka kidogo, vikatokea vidole vya mwanamume vilivyopakwa hina, vimeshika ukingo.

“Thuraya,” sauti ya Muhsin ilisema, nyembamba, iliyokauka. “Mke wangu. Njoo ukae wewe kidogo tu, nipumzike. Wewe ulishamzoea.”

Thuraya aliweka ungo chini. Alikitazama kile kitu alichokuwa akikiita mume, na hakumwonea huruma hata chembe.

“Umeniacha,” alimwambia. “Sina haki ya kukaa kwenye mali yako.”

“Thuraya, nakuomba, ananiti—”

Kioo kikaanza kupanda, taratibu, wala hakikuzuiwa na vidole. Akavisikia vikivunjika, kimoja baada ya kingine, na ndani mle sauti nzuri, ya upole, ikibembeleza: “Nyamaza, kipenzi. Nyamaza, watu watakusikia.”