Buti za Kupandia kwa Sokwe

Buti zote za wageni zilikuwa zimeyeyuka. Jana mlinzi alizipanga barazani, safi, tayari kwa safari ya msituni kuwaona sokwe. Leo, baraza tupu! Wageni wanazungukazunguka na soksi, na meneja wa kambi keshamfunga mlinzi kamba, anataka apelekwe mahabusu sasa hivi.

Inspekta wa polisi alipofika, alikataa kiti. Yeye akikaa, akili inalala. Alikwenda huku, akarudi, akasimama mbele ya mlinzi.

“Kamera za wageni zilikuwa wapi?”

“Palepale, afande. Na darubini.”

“Ziliguswa?”

“Hata moja. Haki ya Mungu, mimi nilisinzia tu!”

“Mfungue,” Inspekta akamwambia meneja. “Mwizi gani huyo, anaacha kamera anabeba buti zenye jasho la watu? Hakutaka mali. Alitaka safari ife.”

Mlinzi alisugua mikono huku machozi yanamlenga.

Inspekta akaingia jikoni kwa mpishi. Nje ya dirisha mume wa mpishi, kiongozi wa msafara, alikuwa akikagua mikoba. Akakohoa. Mpishi akaangusha sufuria. Mume akakohoa tena, mfuniko ukapiga sakafu. Mara ya tatu Inspekta aliudaka mwiko hewani.

“Mama, mbona jiko lako lina kelele hivi?”

“Mikono inateleza, afande.”

“Inateleza kila mara mumeo akikohoa? Na tanuri limepoa, wageni wanasubiri mkate?”

Alilifungua mwenyewe. Buti zilikuwa zimeshonana humo mpaka juu.

Mpishi akajifuta uso kwa kanga.

“Ni mimi. Mlinzi wa watu hana kosa. Hapa mwenye mafua hapandi, maana mafua yetu yanawaua sokwe. Nimemsihi mume wangu aseme anaumwa, hataki, anaogopa kazi atapewa mwingine. Nikimsemea, nimemchongea baba wa wanangu. Nikinyamaza… Mwaka jana mgeni mmoja alipanda anaumwa, sokwe watatu wakafa. Mume wangu aliwazika kwa mikono yake, akawa haongei na mtu. Safari hii ingekuwa yeye mwenyewe! Nikasema, bila buti hawaendi, na kifua kitapoa.”

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

“Basi imekwisha,” Inspekta akasema, akashusha pumzi. “Hakuna aliyepanda, hakuna madhara.”

Mwanamume akainamia viatu vyake. Inspekta akaacha kutembea.

“Jana jioni ulikuwa wapi?”

“Kazini, afande. Kabla wageni hawajapanda, lazima nijue sokwe wamelala mti gani.”

Mpishi alishika ukingo wa meza.

“Ulivaa barakoa?”

“Pumzi ilinibana, nikaishusha.”

“Walikuwa mbali?”

“Wakubwa, ndiyo. Yule mdogo alishuka. Akaja akanichezea kamba za viatu. Nilicheka, afande. Nilicheka mpaka nikakohoa.”