Kilichopita Usoni mwa Bi Mwanamkasi

Kila asubuhi Mina alichemsha maji, akayapooza kwa maji ya mtungi, akamwogesha mama mkwe wake, Bi Mwanamkasi. Alimpaka mafuta ya nazi, akamvalisha dera safi. Kisha alimwinua kitandani ili afanye mazoezi. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Bi Mwanamkasi alikuwa amepatwa na kiharusi miezi miwili nyuma. Mkono na mguu wa kulia vililegea. Shavu la kulia liliinama. Maneno yalipotea. Alisikia na kuelewa, lakini jibu lake lilikuwa la kichwa tu: ndiyo au hapana.

Hospitali walisema asimamishwe kila siku, apige hatua mbili tatu. Wiki za mwanzo alikubali. Baadaye akagoma. Mina akimkaribia, mama anageuzia uso ukutani. Uji anakunywa vijiko viwili, basi.

"Mama, unaumwa?" Mina aliuliza kila siku.

Kichwa kilijibu hapana. Na kweli uso ulikuwa umetulia tuli.

Pale Kerege kila mtu aliujua uso huo. Bi Mwanamkasi alikuwa somo, yule anayewafunda wasichana wakivunja ungo. Alikuwa amewafunda wanawali wa mitaa mitatu. Fundisho lake la kwanza lilikuwa hili: mwanamke hakunji uso. Alimfinya mwali huku anamtazama machoni. Ole wake atakayepepesa! Basi watu waliona uso umetulia, wakasema hana maumivu. Ana kisirani tu.

Esha, binti yake, alikuja kutoka Bagamoyo mjini kumtazama. Alikaa kitako, akasema bila kuzunguka.

"Wifi, mama haumwi. Mama kakususa wewe."

"Nimemkosea nini, wifi?"

"Unaniuliza mimi? Mtu anakugeuzia mgongo kila siku, wewe huoni? Ijumaa namchukua. Akapumzike kwangu. Hayo mazoezi yenu basi."

Bwanausi, mume wa Mina, alijikuna kidevu. Mama ni wake, dada ni wake, mke ni wake. "Tutaona Ijumaa," alisema, akachukua baiskeli yake akaenda shambani.

Mina aliingia jikoni, akakaa juu ya kibao cha mbuzi bila kukuna nazi. Alijua mama akiachwa alale tu, mguu ule hautarudi. Na yeye mtaa mzima utamwita mkwe aliyesuswa.

Jumatano alikuja Sophia. Huyu ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huwapitia wagonjwa majumbani mara moja kwa wiki. Mina alimweleza yote.

Sophia alisikiliza, kisha akatoa simu yake ya kupangusa. "Humu mna programu tunayoijaribu kwa wagonjwa wasioweza kusema. Inatazama video ya uso na kutafuta dalili ndogo za maumivu."

"Itaniambia kama mama ananichukia?"

"Hapana, mdogo wangu. Chuki iko moyoni. Hii inaona ngozi tu."

Esha alicheka. "Mashine imjue mama kuliko mimi niliyenyonya ziwa lake?"

"Haimjui hata kidogo, dada. Ila ina macho yasiyochoka. Wewe ulijuaje kutenga chuya na mchele?"

"Nilifundishwa. Nilichambua mpaka nikazoea."

"Nayo ni hivyo hivyo. Ilionyeshwa video nyingi sana za watu wenye maumivu, na za wasio nayo. Ikazoea. Video ni picha nyingi zinazofuatana, kama thelathini kwa sekunde moja. Programu inaweka vitone kwenye nyusi, macho na mdomo. Halafu inapima picha kwa picha: kitone gani kimesogea? Jambo likipita usoni haraka, sisi tunalikosa. Yenyewe inalikamata."

Kisha Sophia alipiga goti mkekani.

"Shikamoo, bibi."

Bi Mwanamkasi aliinua vidole vya mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo marahaba yake.

"Bibi, naomba kukupiga video ya uso. Tutaitazama humu ndani tu, kisha nitaifuta mbele yako. Ukikataa, sipigi."

Bi Mwanamkasi alifikiri. Halafu aliuvuta ushungi wake mbele kwa mkono mzima, akaziba mvi zilizochomoza. Ndipo akaitikia kwa kichwa.

"Mwoneni!" Esha alisema. "Hata mgonjwa anajitengeneza!"

Chumbani simu ilishindwa kuuona uso kwa sababu ya giza. Wakambeba na kiti mpaka barazani penye mwanga. Sophia akaelekeza simu.

"Upande wa kulia umeinama kwa ugonjwa, unaweza kuichanganya mashine. Mimi nitafuata zaidi upande wa kushoto. Haya, fanyeni kama kila siku."

Walimlisha uji. Walimfuta uso. Kisha Mina akaushika mkono wa kulia, Esha akashika kiuno, wakamwinua. Wakamkalisha. Wakamwinua tena. Mara ya tatu mkono wa mama uliteleza kwa yale mafuta ya nazi. Mina akadaka kiuno upesi, wakamwinua hivyo hivyo.

Uso wa Bi Mwanamkasi haukubadilika hata mara moja. Hivyo ndivyo walivyoona wao.

Lakini simu ilikuwa imeweka alama mbili nyekundu. Sophia akairudisha video, akaiendesha polepole kama konokono.

"Tazameni hapa."

Nyusi zilishuka. Jicho likabana. Mdomo wa juu ukainuka. Halafu vyote vikarudi mahali pake. Yalikuwa mambo ya kufumba na kufumbua.

"Yallah!" Esha alisema. "Na mimi nilikuwa namtazama!"

"Programu inasema hapa pana dalili za maumivu," Sophia alisema. "Haisemi ni ya nini. Hilo ni letu kutafuta."

Mina alisogeza uso karibu na kioo. "Dada Sophia, rudisha kidogo. Tena. Sasa ipeleke mpaka mara ya tatu."

Aliangalia mpaka wakamchoka. Kisha akasema taratibu, "Kwenye uji hakuna alama. Tulipomwinua mara ya kwanza, ipo. Mara ya pili, ipo. Mara ya tatu hakuna."

"Mara ya tatu kulikuwa na nini?" Esha aliuliza.

"Mkono uliniteleza. Sikuuvuta."

Sophia aliweka simu chini, akalipapasa bega la kulia kwa upole. Chini ya mfupa palikuwa na bonde.

"Bibi, hapa panauma?"

Kichwa kikajibu hapana.

Mina alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. "Mama, ni mimi niliyekuwa nakuumiza. Sikujua. Nakuomba usinifiche."

Bi Mwanamkasi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaitikia: ndiyo. Akaitikia tena na tena, na uso wake ukakunjana mbele yao kwa mara ya kwanza.

Ijumaa ilipofika, mama hakwenda kwa Esha. Bwanausi alimpeleka hospitali. Daktari alithibitisha: bega lilikuwa limeshuka kutoka mahali pake. Nyama zake zililegea kwa kiharusi, na kuvutwa kukazidi kulishusha. Alimpa dawa ya maumivu.

Sophia akawafundisha.

"Aliyepooza msimvute mkono, hata kwa kumvalisha nguo. Mwinueni kwa kiuno na mgongo. Akikaa, mkono uwe juu ya mto. Akisimama, tutaufunga kwa kanga nitakavyowaonyesha."

"Na simu ikisema hakuna maumivu?" Mina aliuliza.

"Bado umuulize, na umtazame. Mashine nayo hukosea."

Kisha akaifuta ile video mbele ya Bi Mwanamkasi, kama alivyoahidi.

Baada ya wiki moja mama alimaliza bakuli la uji. Baada ya mbili alisimama. Esha aliahirisha kurudi kwake, akawa mkali kuliko wote. Mgeni akinyoosha mkono tu, anapigiwa kelele: "We! Kiuno! Shika kiuno!"

Mwezi wa tatu tangu siku ya video ulipoingia, nyumba ya jirani walikuwa wanamtoa mwali ndani. Wakatuma mtu kuuliza: somo ataletwa kwa bajaji?

Somo alitikisa kichwa. Hapana.

Alikwenda kwa miguu. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya kanga, wa kushoto umeshika bakora. Mina alimshika kiuno, Esha alitangulia kufukuza kuku. Hatua arobaini na tatu. Bwanausi alizihesabu kwa sauti, na wanawake walipiga vigelegele mpaka magari ya barabara kuu yakapunguza mwendo.

Mwali alipiga magoti. Watu wakanyamaza. Walijua somo hasemi tena, lakini walingoja.

Bi Mwanamkasi alimshika msichana kidevu. Midomo ilihangaika. Neno likaja vipande vipande.

"Iki... uma," alisema, "sema."

Mwali akaitikia, "Nimesikia, somo."

Na mama mkwe wa Mina akacheka kwa upande mmoja wa uso, na kila aliyekuwepo aliona.