Pampu ya Loyce

Soko la vitunguu la Singida lilikuwa limefurika asubuhi ile. Magunia yalishushwa, madalali walibishana, na maganda mekundu yalipeperuka mpaka kwenye nywele za watu. Loyce, karani wa mizani, alikuwa amevaa blauzi pana ya kitenge cha bluu, na ndani ya sidiria alikuwa ameficha pampu ya kukamulia maziwa, kile kikombe kisicho na waya kinachomwezesha mama kuendelea na kazi huku maziwa ya mwanawe yakijikusanya taratibu. Siku hizo hayakukusanyika. Yalidondoka matone tu, na Loyce alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu yeyote pale sokoni.

Aligeuka kumpisha mbeba gunia, akagongana na mwanamume aliyeshika kidumu cha asali ya Itigi. Alikuwa Chediel, mume wake, ambaye Loyce mwenyewe alikuwa amemkataza kukanyaga nyumbani.

Chediel alikuwa amekonda kidogo na shati lake halikupigwa pasi. Loyce akalionea huruma lile shati, kisha akajikasirikia kwa kulionea huruma.

Chediel alikuwa fundi wa reli Itigi, na kila mwisho wa wiki alikuja Singida kwa mkewe. Ndiye aliyenunua ile pampu, Loyce aliporudi kazini baada ya kumzaa Peniel. Ilifanya kazi vizuri sana mpaka wikiendi moja alipokuja na kuondoka. Kuanzia Jumatatu yake maziwa yakapungua. Shangazi Winfrida, aliyetoka kwao Issuna kuja kumlea mtoto, hakumung'unya maneno. Alisema maziwa ya mama hayakauki hivi hivi, baba mtu ametoka nje ya ndoa, na asipoangaliwa atambemenda mtoto, adhoofike. Siku ya kwanza Loyce alicheka. Siku ya pili hakucheka tena, akampigia mumewe simu na kumuuliza kama kuna jambo anamficha.

Sasa Chediel ni mtu asiyejua kudanganya hata kidogo. Alikohoa, akasema, "Lipo, mama Peni. Nimekukosea. Nitakueleza nikija."

Loyce akakata simu, akamtumia ujumbe asije, na tangu hapo hakupokea tena. Alikuwa tayari amemwambia bosi wake kwamba mwisho wa mwezi anaacha kazi, anarudi Issuna na mtoto wake.

"Hiyo asali ya nani?" aliuliza sasa, sauti kavu.

"Yako. Nilikuwa natafuta mtu wa kukuletea. Ulisema nisije nyumbani, na sijaja."

Loyce alitaka kuondoka, lakini Chediel alikuwa ametega sikio na uso umembadilika. Pampu ilikuwa inanguruma chini ya kitenge.

"Mbona inalia hivyo?" aliuliza. "Hiyo haivuti. Inapitisha hewa."

"Achana na pampu, baba Peni. Niambie huyo mwanamke ni nani."

"Mwanamke gani?"

"Si ulisema umenikosea?"

Chediel akaangalia viatu vyake. "Niliifungua pampu. Ile Jumapili, mkiwa kanisani. Nilisikia inakwaruza, nikaona kile kipira cha ndani kimekauka, nikakipaka mafuta ya alizeti. Ulishanikataza nisifungue kitu chako tena, tangu nilipoiharibu ile cherehani yako. Ndilo kosa langu, sina jingine."

Kwao Chediel mafuta ya alizeti yalikuwa dawa ya kila kitu. Mnyororo wa baiskeli ulipakwa, kufuli likapakwa, visigino vya bibi vikapakwa. Loyce alijua hivyo vizuri, na alimjua mumewe. Alikaa juu ya gunia la vitunguu, akaanza kucheka, na machozi yakamtoka humo humo. Chediel akachuchumaa mbele yake, asijue ambembeleze au aombe radhi.

"Mafuta," alisema Loyce.

"Mafuta, mke wangu. Wallahi sina mwanamke."

"Wewe Mlutheri, wallahi umeitoa wapi? Twende nyumbani."

Walimkuta shangazi anampa mtoto uji kibarazani. Chediel akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, naye akaitikia marahaba huku akiangalia pembeni. Ndani, Chediel alishusha boksi la pampu kutoka juu ya kabati. Vipira vya akiba vilikuwemo, havijaguswa.

"Nifungue?" aliuliza.

"Fungua."

Kile kipira cha zamani kilikuwa kimevimba kwa mafuta na mdomo wake haukufunga tena, ndiyo maana hewa ilipita na maziwa yakabaki kifuani. Wakaosha kikombe kwa maji ya moto na sabuni, wakakikausha, wakaweka kipira kipya. Loyce akaivaa, akajifunika kanga, akabonyeza. Mlio ukawa wa chini, mpole. Akahisi kifua kinavutwa kama zamani, na alipochungulia, maziwa yalikuwa yanapanda kikombeni.

"Mtoto alikuwa ananyonya na kushiba kila jioni," alisema polepole, "na mimi sikujiuliza hata mara moja."

Shangazi Winfrida alisimama mlangoni, akakitazama kile kikombe kwa muda. "Baba Peni," alisema, "nimekusema vibaya sana. Unisamehe."

"Yameisha, shangazi."

Loyce akampigia bosi wake hapo hapo, akamwambia haendi popote. Kisha akamgeukia mumewe, aliyekuwa bado ameshika kile kipira kilichovimba.

"Jumamosi utakuja?"

"Ukinifungulia mlango."

"Nitakufungulia. Bawaba zake zinalia mwezi mzima sasa, na mafuta yapo jikoni. Hizo ndizo upake."