Picha Aliyoituma Mbuke

Kila likizo Mbuke alikwenda Ilomba kwa shangazi yake Veronika, mkutubi wa chuo cha afya. Akimaliza kufagia, alimsaidia kazi za maktaba. Safari hii walikwenda Iringa, kwenye mkutano wa madaktari na wauguzi. Shangazi alituma kwenye kundi la WhatsApp mambo yaliyothibitishwa na watafiti, ili wauguzi wa zahanati za Usangu nao wayapate.

"Piga picha tu," shangazi alimwonya akimkabidhi simu. "Usitume mpaka daktari anayezungumza amalize na mimi nisome."

Lakini Mbuke na kiherehere ni pete na kidole. Ukutani, daktari alipokuwa akionyesha slaidi zake, yalitokea maandishi makubwa: "Mtoto anayeharisha aachishwe kunyonya." Akapiga, akatuma.

"Imani hii potofu inaua watoto wetu," daktari akaendelea.

Mbuke akaifuta picha upesi, akanyamaza. Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

Wakati wa chai ya alasiri simu iliita, shangazi akapokea. Alikuwa Fanueli, muuguzi wa Usangu. Watu walikuwa wameshaisambaza ile picha, na mama mmoja jirani yake alikuwa amemnyima mwanawe anayeharisha ziwa tangu asubuhi.

"Nani alituma?" shangazi aliuliza.

"Labda simu ilijituma yenyewe."

"Mbuke, usinifanye mjinga. Mtoto anaishiwa maji mwilini, wewe unanitungia uongo?"

Mbuke naye alipandwa na hasira. "Si nilishaifuta, shangazi! Mbona unanigombeza mbele za watu?"

"Umeifuta kwenye simu yangu. Vichwani mwa watu utaifutaje?"

Hasira yote ya Mbuke ikamgeukia mwenyewe. "Ni mimi," alisema. "Naomba niandike ukweli."

Akaandika: "Picha ile imepotosha. Niliituma mimi, Mbuke, kabla daktari hajamaliza. Mtoto anayeharisha aendelee kunyonya, apewe maji ya ORS na apelekwe zahanati."

Shangazi alisoma mara mbili, akatuma. Fanueli alipanda bodaboda hadi kwa yule mama. Jioni akapiga simu: mtoto ananyonya na ameanza kuchangamka.

Mbuke alilia. Shangazi hakumbembeleza.

"Haraka yako ningeisamehe asubuhi ileile," alisema. "Kilichonikasirisha ni kunyamaza kwako. Ukikosea, sema palepale, maana wakati wewe unaficha aibu yako, mtoto wa mwenzio anaumia."