Herufi Aliyokataa Kuisoma

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare, binti wa dobi alikuwa na kazi yake. Alisimama mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, akachovya vidole kwenye bakuli la maji, akayanyunyizia mashati moja baada ya jingine ili yalainike kabla ya kupigwa pasi. Kisha aliyaviringisha na kuyapanga kwa zamu ya wenyewe. Ya mwalimu mkuu yalikuwa juu, kwa sababu mwalimu mkuu hakupenda kungoja. Baba yake alikuwa nje akipepea mkaa. Ukishakolea moto, aliutia ndani ya pasi na kuingia nayo, na chumba kikajaa harufu ya pamba ya moto na moshi kidogo.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja. Mbele ya pazia palikuwa kazini, nyuma ya pazia palikuwa nyumbani. Walihamia hapo wawili tu, mwaka mmoja baada ya mama kufariki, kwa kuwa baba alisikia kwamba mji huu una watu wengi wanaopenda nguo zilizonyooshwa na wachache wanaopenda kuzinyoosha wenyewe.

Akimaliza kazi, msichana alikunywa chai, akabeba begi lake na kwenda shuleni peke yake. Wenzake walikwenda makundi makundi, wakisukumana na kucheka. Yeye alijitia hamnazo, akatembea upande wa pili wa barabara.

Upweke huo ulikuwa na siku yake ya kuzaliwa. Wiki ya kwanza darasani, mwalimu wa Kiingereza alimwita mbele asome alfabeti yote, apate kumpima. Msichana alisoma bila wasiwasi. Mama yake ndiye aliyemfundisha, akimwandikia herufi kwa chaki kwenye sakafu, na mama alikuwa amesoma shule katika nchi nyingine. Akaja mpaka mwisho, akasema kama alivyofundishwa: "Zii."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu alisema tu, "Hapa tunasema zedi," akamwita mwingine. Hakuwa na nia mbaya, ila alikuwa na haraka.

Tangu siku ile, akipita kati ya madawati, mtu mmoja huanza kuvuma puani, "ziiii," na wengine hupunga mikono hewani kama wanaofukuza nzi. Ndipo jina la Nzi likamganda. Wasichana wawili walioketi naye waliomba kuhama, eti nzi anawasumbua. Akabaki na dawati zima peke yake. Dawati pana lina raha yake, lakini si raha ya mtoto wa miaka kumi na miwili.

Angeweza kusema zedi, yakaisha. Alijaribu nyumbani, mbele ya kioo. Ulimi uliweza bila shida, ila moyo ndio uliokataa. Kila alipolitamka neno lile alijiona anaifuta ile chaki ya mama kwa mguu wake mwenyewe. Basi akaamua asiseme zii wala zedi. Akaacha kusoma kwa sauti. Akaacha kujibu maswali. Baba alipouliza habari za shule alijibu kwamba ni nzuri, na baba, ambaye kwake Kiingereza kilikuwa idara ya marehemu mkewe, aliamini.

Mwezi wa tano, muuguzi wa macho alikuja shuleni. Alitundika bango la herufi ukutani, mstari wa juu herufi kubwa, na kila mstari uliofuata ukizidi kuwa mdogo. Mwanafunzi alisimama kwenye alama ya chaki, akaziba jicho moja kwa kiganja, akasoma kwa sauti. Wengine walipanga foleni nyuma yake.

Binti wa dobi alisoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Muuguzi akapeleka fimbo yake mwanzo wa mstari wa tatu, na pale palikuwa na Z, nyeusi, nene, imesimama wazi kabisa.

Foleni nzima ilitulia kungoja. Mtu mmoja alikwisha kuanza kuvuma taratibu.

"Hiyo?" muuguzi aliuliza.

"Siioni," akasema msichana.

"Tazama vizuri, mwanangu."

"Siioni."

Jicho la pili likawa vilevile. Muuguzi alikuwa na watoto mia mbili wa kupima kabla ya jua kutua. Alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika barua: mtoto haoni vizuri, mzazi ampeleke haraka kwa daktari wa macho.

Msichana alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Alikuwa ameponyoka. Wepesi huo ulidumu mpaka baba alipoisoma barua.

Aliisoma mara tatu. Kisha akaitazama pasi yake, akatazama dari iliyogeuka rangi kwa moshi.

"Ni mimi," alisema. "Ni moshi huu. Nimekulaza humu humu, na mkaa unawaka mchana kutwa."

Siku hiyo hiyo baba aliitoa meza nje na kuanza kufanyia kazi kwenye jua. Upepo ulipeperusha majivu juu ya mashati meupe, akalazimika kuyafua upya, mengine mara mbili. Mwalimu mkuu alikuja kulalamika kuhusu doa kwenye ukosi. Baba aliomba radhi, akainama tena mezani huku jasho likimtoka. Ile kazi ya asubuhi ya kunyunyiza maji alimnyang'anya binti yake kabisa. Alimwambia akae ndani, apumzishe macho.

Ijumaa alileta neno lililokuwa zito kuliko yote. Alilisema bila kuinua uso kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiipiga pasi.

"Nimeongea na shangazi yako. Kwake wanapika kwa umeme, hakuna moshi. Jumatatu tukitoka kwa daktari, wiki hiyo hiyo utakwenda kukaa naye."

Kwa shangazi ni safari ya siku nzima kwa basi. Msichana aliuliza kama baba naye atakuja. Baba akajibu kwamba wateja wake wako hapa, na hajui kazi nyingine.

Siku mbili zile zilikuwa ndefu. Kila alipotaka kusema kweli, alikuta uongo umemtangulia na kukaa mlangoni. Atamwambia nini baba, ambaye ameunguza mgongo juani kwa ajili ya ugonjwa usiokuwepo? Jumapili alimwangalia baba akikunja magauni yake na kuyapanga kwenye begi. Dobi hukunja nguo haraka bila hata kuangalia. Siku hiyo alikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena.

Jumatatu wakaenda kwa daktari wa macho. Alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka hata chembe. Msichana alikwenda na mpango wake: atasoma kila kitu vizuri, aonekane mzima, ila herufi ile moja ataiacha. Hawezi kuiona leo wakati juzi hakuiona. Atajulikana ni muongo.

Daktari alizima taa, akawasha bango lililokuwa likimulikwa kwa nyuma. Msichana alisoma mstari mmoja, akaruka herufi moja. Akasoma mwingine, akaruka moja. Akashuka mpaka mistari midogo ambayo watu wazima huisoma kwa kubahatisha, na huko chini akasoma zote moja kwa moja, kwa kuwa haikuwepo Z. Daktari alimulika macho yake kwa kikurunzi, akayachungulia kwa kifaa, akarudi kuketi.

"Nimepima macho miaka mingi," alisema mwishowe. "Sijapata kukutana na jicho linalochagua herufi."

Baba hakuelewa mzaha huo. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, kofia mkononi. "Daktari, niambie ukweli. Ni moshi wa pasi yangu, siyo? Nimeshapanga kumpeleka mbali nao. Nataka kujua tu kama nimechelewa."

Daktari alimgeukia msichana, akamngoja. Msichana alimtazama baba yake, akaona ngozi ya shingo yake inavyobambuka kwa jua, akapiga moyo konde.

"Siyo moshi, baba. Naona. Niliiona tangu siku ile."

"Uliona nini?"

"Ile herufi. Nimedanganya."

Akaeleza yote: alfabeti, kicheko, kuvuma, jina la Nzi, dawati la peke yake. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kwa nini hakumwambia.

"Kwa sababu ile zii ni ya mama. Wakinicheka mimi, naona wanamcheka mama."

Msichana alilia, na baba naye akageuka upande wa ukuta kwa muda. Daktari aliwaacha. Walipotulia alisema kwamba herufi za Kiingereza zimetembea nchi nyingi, na kila zilikofika watu waliziita walivyozoea. Mahali pengine ni zedi, mahali pengine ni zii, na wasomi wa kote huko wanaandikiana barua na kuelewana. Yeye mwenyewe aliposoma ugenini alichekwa kwa kusema zedi.

"Lakini sikiliza, mwanangu," akaongeza. "Ukisema huoni kitu unachokiona, watu watakutafutia dawa ya ugonjwa usio wako. Mimi ningekupa miwani, na macho mazima yangeanza kuuma. Baba yako karibu akupeleke mbali. Kucheka walicheka wao. Haya mengine umeyaleta wewe kwa kuficha."

Kesho yake dobi alifunga kazi asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamsindikiza binti yake mpaka shuleni na barua ya daktari. Mwalimu wa Kiingereza aliisoma akiwa amesimama. Hakuwa mtu wa kuomba radhi ovyo, lakini siku hiyo aliomba, mbele ya darasa. Alisema alipaswa kueleza siku ile ile ya kwanza kwamba majina yote mawili ni sahihi, na kwamba atakayevuma tena atakwenda kuvuma ofisini kwa mwalimu mkuu.

Kisha akamwita msichana asome. Msichana alisoma mpaka mwisho, akasema zii. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepiga makofi pia. Alirudi kwenye dawati lake, na bado lilikuwa pana. Wakati wa mapumziko tu ndipo msichana mmoja mnene wa nyuma alipokuja kusimama karibu naye, akamnong'oneza kwamba kwao herufi H wanaiita hechi, si eichi kama hapa, na kwamba mwaka wa tatu sasa anaificha. Walikaa pamoja mpaka kengele, bila maneno mengi.

Jioni msichana alikuta meza imerudi ndani. Baba alikuwa ametoboa tundu la kutolea moshi juu ya dirisha, maana ingawa macho yalikuwa mazima, alisema hataki kuogopa mara ya pili. Shangazi alikwishapigiwa simu. Begi lilikuwa kitandani, halijafunguliwa.

"Zitoe nguo mwenyewe," baba alisema. "Mimi nimechoka kuzikunja."

Alipokuwa akizitoa, baba aliketi kando yake.

"Mimi si msomi, lakini nisikilize. Ulipochekwa, uliumia, na hilo si kosa lako. Kosa ni kuumia peke yako na mimi nipo hapa, nyuma ya pazia tu. Ukweli ukinifikia mapema, nitapigana pamoja nawe. Uongo ulinifanya nipigane na pasi."

Msichana akaahidi kutomficha tena. Kisha baba akauliza kama mtu anayeona haya.

"Hebu niambie. Mama yako alikuwa akiisemaje hasa?"

"Zii."

Baba akairudia taratibu, mara mbili, mpaka ikamkaa mdomoni.