Saa Tisa kwa Mbuyi

Mlango uligongwa mara tatu, saa tisa mchana, na aliyegonga hakusema kitu. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, maana Kolwezi mtu akija kwako anaita, anataja jina, anaulizia na watoto. Huyu aligonga akanyamaza. Adolphine akamshika binti yake Shekina, akajifungia naye chumbani, moyo ukimdunda hadi masikioni, vidole vikifa ganzi, pumzi ikigoma kushuka. Alijua anakufa. Hakufa.

Kesho yake, saa ileile, tena. Na kesho kutwa. Nyumba ikaanza kunuka mafuta ya mashine ya kushona, na mashine yenyewe Kalenga, mumewe, alikuwa ameshaiuza.

Mimi nasema wazi, maana watu wa mtaa huu wanapenda kumung'unya maneno. Nyumba haikuwa yao. Ilikuwa ya mzee Mbuyi, fundi wa nguo, mzaliwa wa hapahapa, ambaye kosa lake lilikuwa kuwa na babu aliyetoka Kasai. Mwaka ule watu wote wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mjini, Kalenga ndiye aliyegonga mlango wake, saa tisa, akampa saa moja atoke. Mbuyi alilala gare, pale kituoni, wiki tatu akingoja treni, akikohoa, akafia palepale kwenye simenti. Kalenga akahamia na mkewe na mtoto.

Sasa Adolphine akaacha soko, akaacha na kanisa. Ikifika saa nane tu, anajifungia chumbani na mtoto. Kila jioni Kalenga alirudi na nguo zake za kiwandani, akamcheka, halafu siku moja hakucheka. Alimwambia akileta tena habari za mlango, atamrudisha kwao Kabalo, na Shekina atabaki. Ndipo Adolphine alipokimbilia kwa Hawa, muuguzi wa zahanati. Hawa alimpima, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Moyo yako ni muzima, mama," alimwambia. "Hii ni ugonjwa ya woga, na iko na dawa. Ukiikimbia leo, kesho inakuya na nguvu zaidi. Ikigonga, pumua polepole, hesabu, kisha fungua. Utaona hakuna mutu."

Kesho yake saa tisa ikafika, harufu ya mafuta ikampanda puani, mlango ukagongwa mara tatu, na Adolphine, jasho likimtiririka mgongoni na Shekina akiwa amemng'ang'ania kitenge, akavuta pumzi akihesabu hadi nne, akaishusha akihesabu hadi sita, akapiga hatua, akasimama, akahesabu tena, mpaka mkono ukafika kwenye komeo, na alipolivuta akaona kwamba Hawa alikosea, kwa sababu mtu alikuwepo.

Alikuwa Kalenga. Nguo zake za kazi hazikuwa na hata vumbi. Kiwanda kilikuwa kimemwachisha kazi tangu mwezi uliopita, na hakumwambia mtu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mkewe. Ngumi ilikuwa bado juu, vifundo vya vidole vimechubuka.

"Tata Shekina," Adolphine alimnong'oneza mumewe.

Kalenga akakohoa kikohozi cha mzee. Sauti iliyofuata Adolphine aliijua vizuri, ndiyo iliyomsifu siku fundi Mbuyi alipomshonea gauni la harusi.

"Muko na saa moja," ilisema.

Adolphine akageuka, akatandaza kitenge sakafuni, akaanza kufunga nguo za mtoto. Moyo wake ulikuwa umetulia kabisa.